Kiuno cha Sabini na Nane

Jumatatu, 6 Oktoba

Msimu wa sare umeanza na wajinga wamerudi kazini.

Kila mwaka huandika nyuma ya daftari la kukatia: mita ngapi, shule gani, nani kaharibu nini. Mwaka huu nitaandika na watu pia, maana humu karakanani hakuna wa kuongea naye. Tuko wanawake watano. Mimi nakata. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anashona kola; kazini tumepakana meza, nyumbani tumepakana vyumba, kwa hiyo namwona kuliko nilivyoomba. Mama Pasi anapiga pasi na kula. Wale wawili wa mapindo wanapinda na kucheka, na hawawezi kufanya kimoja bila kingine. Bosi haji, anapiga simu tu, na hilo ndilo jambo la maana analolifanya.

Sare mia tisa kabla shule hazijafunguliwa. Kwa mikono hii minane ya wenzangu na akili yao moja ya kugawana.

Najua nikigeuka wananiita Mkasi. Sawa tu. Mkasi ndicho kitu pekee chenye makali humu ndani.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua juu ya bati tangu asubuhi. Wale wawili hawasikiki. Kumbe mvua ina faida.

Alhamisi, 9 Oktoba

Vitambaa vya siku hizi havina adabu. Sketi yangu ya kijivu imerudi tena kiunoni. Kila ikifuliwa inarudi, inapungua. Nimefumua mshono wa nyuma niachie kidogo, nikakuta kitambaa cha kuachia kimekwisha, basi nikatia kipande pembeni cha rangi ileile. Hakuna atakayeona. Ya bluu niliitia kipande mwezi uliopita, ya kahawia miaka kadhaa kabla ya hapo. Nguo zangu zote nazikata kwa karatasi ya vipimo niliyojikatia nikiwa na miaka thelathini na minane, kiuno sentimita sabini na nane. Sasa nina hamsini na miwili na karatasi haijabadilika hata uzi mmoja. Kinachobadilika ni viwanda.

Madirisha nimeyafungua yote. Pasi ya yule mama inachemsha chumba kizima, jasho linanichuruzika mgongoni, na wenzangu wamekaa na masweta yao wanatazamana. Watu wengine ngozi zao zimekufa ganzi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo Mama Pasi katuchezea mchezo wa kuigiza.

Saa nne alifungua mfuko wake: viazi vya kukaanga, mayai mawili, na kipande cha nyama kinachong'aa mafuta mpaka unaweza kujitazama. Akala vyote, akalamba vidole. Saa tano na nusu akaiacha pasi juu ya sketi ya mtoto wa watu, akashika mbavu za kulia, akajikunja. "Mama yangu! Mama yangu weee!" Uso ukamlowa jasho. Akasema maumivu yanapanda mpaka nyuma ya bega. Akatapika ndani ya ndoo ya vipande.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye sketi. Nikamwambia, "Nyanyua pasi kwanza, ndipo ufe."

Wale wawili walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempa viazi. Wifi akaacha kola zake, akamshika mkono mgonjwa, wakatoka kwenye mvua bila mwavuli kwenda hospitali. Nikabaki na sketi yenye alama ya pasi, nafasi ya mpiga pasi wazi, na kola ishirini hazijageuzwa. Mtu anakula kwa pupa halafu ulimwengu mzima usimame umpepee. Mimi nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kulala chini kazini. Hata nilipozaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepiga pasi mwenyewe. Imenyooka kuliko ya mwenye pasi.

Jumatano, 15 Oktoba

Amerudi, na amerudi na habari kama mtu aliyejifungua.

"Nina mawe," akasema.

"Mawe gani?"

"Kwenye mfuko wa nyongo. Wamenipiga picha ya tumbo wakayaona. Matatu."

Wale wawili wakapiga makofi ya mshangao, wakataka kujua ukubwa wake. Akawaonyesha kwa kifungo cha shati. Akakaa juu ya kiti changu, akaanza kuhubiri. Eti daktari kasema wanawake ndio wanaoongoza. Eti tukifika umri huu wetu, hedhi ikianza kuyumba na kukoma, mafuta yanayokaa kwenye mapaja yanahamia tumboni, na damu nayo inajaa mafuta, na sukari inapanda mtu hana habari, na yote hayo yanaifanya nyongo iwe nzito igande.

"Umri huu wetu?" nikamuuliza. "Wako na wa nani?"

Akainama. Wifi akawa anatafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

"Na viazi daktari hakuvitaja?"

"Kavitaja, Fundi. Kasema nipungue. Ila polepole, nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Eti ukipungua haraka, ukashinda njaa, ndiyo unayatengeneza mawe mengine."

Nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini. Nimeishi kuona daktari anayemwambia mtu mnene asifanye haraka kupungua! Huyo si daktari, ni jibu la maombi yao. Nikawaambia humu ndani hakuna mgonjwa, kuna wavivu wa kufunga midomo. Nikasema tupimane viuno vyote vitano, na mpaka mwanzo wa Desemba tuone nani ana nidhamu na nani ana hadithi.

"Dada, mimi daktari kanikataza," Mama Pasi akasema.

"Basi wewe pungua polepole, sisi tutakusubiri."

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumepimana wakati wa chai. Mimi niliwapima wote, nikaandika ukutani kwa chaki. Mama Pasi mia moja na kumi na mbili. Niliisoma kwa sauti. Wale wawili themanini na kitu, themanini na kitu. Wifi tisini na moja, kimyaa, kama kawaida yake.

Halafu wifi akanipima mimi. Akaizungusha futi, akasoma, akaisoma tena.

"Ngapi?"

"Tisini na saba, wifi."

Nilimpokonya ile futi. Futi yenyewe ya kitambaa, ya miaka na miaka, pembe zimeliwa. Nikawaambia futi imechoka, imevutika, haifai hata kufungia mzigo. Nikaikata vipande viwili mbele yao nikaitupa kwenye ndoo. Ukutani nikajiandikia sabini na nane, kwa sababu ndiyo namba ninayoijua.

Wanawake wanne wenye midomo, na wote ghafla wana kazi nyingi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Chai kavu asubuhi. Mchana hakuna. Jioni supu ya majani kikombe kimoja. Njaa ni tabia tu, ukiinyamazia inaondoka.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimejipima mwenyewe chumbani kwa futi mpya. Namba siiandiki. Mwanga ulikuwa mbaya.

Alhamisi, 23 Oktoba

Chai kavu. Supu. Mama Pasi anakula mkate bila siagi, viazi vya kuchemsha na mboga, anatembea kurudi nyumbani kwa miguu, na amepungua robo tatu ya kilo. Ametutangazia! Robo tatu ya kilo ni uzito wa mkasi wangu na chaki.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Vitambaa vyote vinanuka unyevu.

Jumatano, 5 Novemba

Kilo sita! Mizani ya mwenye duka haina undugu na mtu, na imesema nimepungua kilo sita. Sketi ya kijivu inazunguka kiunoni mpaka zipu inakuja mbele. Wale wawili wamesema, "Fundi, umekuwa msichana!" Maneno yao ni ya bure lakini leo niliyapokea.

Wifi hakusema hivyo. Nyumbani aliniwekea sahani mezani, mboga na kipande cha samaki. Nikamuuliza tangu lini yeye ni mama yangu.

"Unashinda na chai tu, wifi. Siku ya ishirini hii."

"Wivu huo."

Akakichukua kile kipande akakifunika. Huyu mwanamke ukimtukana anafunika vitu. Marehemu kaka yake naye alikuwa hivyo hivyo, kupigana naye ilikuwa kama kupigana na mto wa pamba.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nilijiruhusu. Kilo nane zimekwenda, mtu anastahili. Nilikaanga mayai matatu, nikala na mkate uliopakwa siagi, nikiwa peke yangu jikoni, nikaona raha ambayo sikumbuki lini niliiona mara ya mwisho.

Saa moja baadaye kitu kikanishika chini ya mbavu za kulia. Kikabana, kikakaza, hakikuachia. Kikapita mpaka mgongoni, kwenye ule mfupa wa bega. Nikasimama, nikakaa, nikapiga magoti, nikalala ubavu. Hakuna mkao kilioukubali. Nilitapika mayai yote. Saa tatu nzima. Wifi alibisha mlango, nikamwambia nasali.

Ni gesi. Tumbo lililozoea chai likipewa mayai matatu lazima lipige kelele.

Alhamisi, 13 Novemba

Mzima kabisa. Nilisema ni gesi.

Jumatatu, 17 Novemba

Gesi tena. Na leo sikula chochote cha maana.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekwenda zahanati, na sitaki kusikia mtu akisema sikwenda.

Nilisubiri saa mbili kwenye benchi katikati ya watu wanaokohoa bila kufunika midomo. Tabibu ni kijana, shati halijapigwa pasi, kola imeshonwa vibaya. Akaniuliza panapouma nikamwonyesha tumbo, juu, katikati, kwa sababu upande wa kulia ni upande wa Mama Pasi.

"Mama, miaka ya karibuni umeongezeka mwili?"

"Hapana."

"Nguo zimeanza kukubana?"

"Hata siku moja. Sijawahi kuvaa nguo ya kunibana maisha yangu yote."

Na huo ni ukweli mtupu. Mimi ni fundi. Akaandika.

"Hedhi bado unapata?"

"Hayo yanakuhusu nini?"

Akaandika tena, sijui aliandika nini. Akasema ni vizuri nipimwe damu na nipigwe picha ya tumbo, foleni iko kule. Niliitazama ile foleni. Ilikuwa inazunguka kona. Mezani nimeacha vitambaa vya shule mbili. Nikamwambia anipe dawa ya vidonda vya tumbo, akanipa, tukaachana.

Wifi alinisubiri mlangoni pa karakana. "Umemwambia kwamba unashinda njaa?"

"Kaniuliza kuhusu nguo. Kuhusu njaa hakuniuliza."

Ijumaa, 21 Novemba

Dawa haifanyi kitu. Dawa za siku hizi na vitambaa vya siku hizi vinatoka mahali pamoja.

Alhamisi, 27 Novemba

Maumivu. Nimekata mikono ya mashati sitini na mitano nikiwa nimeegemea meza. Mmoja wa wale wawili kaniletea kiti. Nimemwambia akikalie yeye.

Jumanne, 2 Desemba

Nimeshinda!

Wifi kanipima mbele ya wote kwa futi mpya: themanini na nne. Ile sabini na nane ya ukutani nilikuwa nimeshaifuta. Wao wamebaki walikokuwa, ila Mama Pasi, ambaye amefika mia moja na saba na amefurahi kama aliyevuka bahari. Kilo kumi na moja nimezitupa ndani ya wiki saba bila kulia, bila daktari, bila kukalia kiti cha mtu. Niliwaambia hayo yote. Niliwaambia kwamba ugonjwa mwingi wa wanawake wa umri wao ni mdomo, na kwamba mtu anayejionea huruma hata mawe yatamwonea huruma yaje kukaa naye.

Mama Pasi akasema taratibu, "Hongera, Dada." Halafu akanitazama machoni, akaendelea kunitazama zaidi ya kawaida. "Dada, macho yako…"

"Yana nini?"

"Hayana kitu."

Jumamosi, 6 Desemba

Baridi usiku kucha, mpaka meno yanagongana, halafu moto. Mkojo kama chai iliyokolea. Sitaki kuandika.

Jumapili, 14 Desemba. Wodini

Wenzangu wamenirudishia daftari jana. Mistari inapanda na kushuka kama ya fundi anayejifunza.

Jumatatu ile, tarehe nane, nilikwenda kazini. Hilo liandikwe. Nilifika, nikatandika kitambaa cha bluu, nikachora kwa chaki. Mistari ilikuwa miwili miwili. Nilikata mbele ya shati nikafikiri ni nyuma, nikakata tena, nikaharibu mita kadhaa, na nilipoona nimeharibu nikaanza kuwatukana wao. Wifi alisimama. Miaka ishirini na sita namjua, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alipiga kelele mpaka cherehani zote zikasimama.

"Basi! Ni manjano! Macho yake ni manjano na anatetemeka na nyote mnaona!"

Nikamwambia akae chini. Nadhani nilimwambia. Mama Pasi alikuwa tayari ameshanishika kwapa moja, na mikono yake ina nguvu ya miaka ya kunyanyua pasi ya chuma. Nilimwambia aondoe mikono yake ya mafuta. Hakuiondoa. Nikatapika kwenye kitambaa cha bluu, kile kizima, ambacho sikuwa nimekiharibu bado.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala. Alibonyeza chini ya mbavu za kulia akaniambia nivute pumzi, na pumzi ikanikatikia kooni. Wakanipiga picha. Mawe, mengi, madogo. Moja limeteleza limeziba njia ya nyongo, na uchafu umeanza kuingia kwenye damu.

"Una kisukari?" akaniuliza.

"Sina."

"Ulipima lini?"

"Sijawahi kupima."

"Basi hujui kama huna."

Nacho kipo. Kipo, na mafuta kwenye damu yapo, na presha ipo. Vyote vilikuwa vinakaa kwangu bila kubisha hodi. Wakanitundikia dripu, na kesho yake wakanipasua, wakalitoa jiwe na mfuko wenyewe. Aliniambia ningekaa siku mbili zaidi asingekuwa na mtu wa kumpasua. Hakunisema, hakunituliza. Alitaja tu, kama anayesoma vipimo: umri, homoni zilizokwisha, mafuta yaliyokusanyika kiunoni miaka yote hii, sukari, na juu ya yote njaa. Usipokula, mfuko wa nyongo haujikamui. Nyongo inatuama humo humo, inaganda. Yaleyale aliyoyasema Mama Pasi akiwa amekalia kiti changu.

"Kiuno chako kilikuwa ngapi kabla hujaanza kujinyima?" akauliza.

Nilifungua mdomo niseme sabini na nane. Sikusema. Nikamwambia, "Tisini na saba."

Na baada ya hapo, kwa kuwa kitandani hakuna kazi, niliifikiria ile futi. Futi iliyovutika namba zake zinaachana. Inasoma pungufu, haisomi zaidi! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Mimi nimekuwa nikiwafokea wanafunzi kwa hilo maisha yangu yote. Kama ile futi kweli ilikuwa imevutika, basi kiuno changu kilikuwa kimezidi hata tisini na saba. Nilisema upumbavu ule kwa sauti kubwa mbele ya mafundi wanne, wote wanajua, na hata mmoja hakufumbua mdomo.

Na sketi je? Vitambaa havirudi kila Jumapili kwa miaka kumi na minne. Mwanamke mwingine zipu ingemkatalia, angejua, angemwambia daktari nguo zinanibana. Mimi zipu haijapata nafasi ya kunikatalia. Niliiwahi kila mara kwa sindano. Mpumbavu mkubwa wa karakana ile tangu Oktoba hajaandikwa hata mstari mmoja humu, na ndiye mwenye daftari.

Jumanne, 16 Desemba

Wifi kaja kuniogesha. Wauguzi ni wachache na ndugu ndio wanaofanya. Nilitaka kukataa, lakini harufu yangu ilinishinda mwenyewe.

Alivuta pazia, akaleta beseni, akanivua. Hakuna aliyeniona hivi tangu kaka yake afe. Tumbo limelegea, ngozi inaning'inia kama nguo iliyokatwa kubwa, na mshono wa hospitali unakatiza chini ya mbavu, na lazima niseme umeshonwa vizuri. Alinisugua mgongo, akanisugua miguu, akanikausha vidole kimoja kimoja.

Nikamwuliza, "Ulikuwa unajua ninanenepa?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile sketi ya kahawia, wifi. Miaka minne, mitano. Vile vipande vya pembeni tunaviona."

"Nyote?"

"Na lile joto. Sisi tumevaa masweta na wewe umefungua madirisha. Tunajua ni hedhi inayokoma; joto hilo Mama Pasi limempata na mimi linanipata."

"Na futi?"

Akakamua kitambaa ndani ya beseni. "Na futi."

"Mbona hukuniambia?" Sauti ilinitoka kali, hata pale, uchi, na dripu mkononi. "Mtu mzima anakufa mbele yenu mnamtazama tu?"

Akanivisha gauni la wodi, akafunga kamba za nyuma, akanilaza. Ndipo akasema, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Nani angekuambia wewe?"

Akabeba beseni akaenda kumwaga maji.

Nikawahesabu watu wangu mpaka akarudi. Nawahesabu mpaka sasa hivi ninapoandika. Mama yangu alikufa, mume wangu alikufa, na wote walio hai nimehakikisha mimi mwenyewe wananiogopa. Nililia, na kidonda kikauma kwa kulia, na sikuona cha kumlaumu.

Jumatatu, 22 Desemba

Nyumbani. Mboga, samaki, kipande cha mkate, mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Vidonge vya sukari asubuhi na jioni. Wamemaliza sare bila mimi. Mama Pasi ndiye aliyekata za mwisho. Nimeomba niletewe moja nione. Kwapa limekaa vibaya. Nimemwambia kwapa limekaa vibaya, halafu nikamwambia ahsante. Alishtuka zaidi kwa la pili.

Atapasuliwa Februari, kwa utaratibu, akiwa mzima, kwa sababu alisikiliza alipoambiwa.

Jumatano, 31 Desemba

Mvua imeacha. Nimetembea mpaka kona na kurudi.

Alhamisi, 8 Januari

Leo ndiyo siku yangu ya kwanza kliniki ya kisukari. Wifi aliondoka mapema, akasema anawahi kazini.

Kliniki ni ukumbi mrefu wenye mabenchi, nyuma ya maabara. Kadi yangu ni mpya, inang'aa, hata kukunjwa bado. Tangu mlangoni nilishaanza kuwapanga watu wa mle, maana ugonjwa haujatoa ulimi wangu, umetoa nyongo tu: yule anayelala mdomo wazi, yule mwenye biskuti ndani ya mkoba akidhani haonekani. Nilikuwa nachagua maneno ya kuja kuyaandika hapa.

Kwenye benchi la tatu alikuwa amekaa wifi.

Hakuwa ameniona. Alikuwa na kadi mapajani, imechakaa mpaka pembe zimekuwa mviringo, imebandikwa karatasi ya ziada kwa sababu nafasi za kuandika zimejaa. Muuguzi alipopita alimgusa bega kama mtu anayemfahamu. Nilisimama katikati ya njia watu wakinipita huku na huku. Tunatumia jiko moja. Sukari tunachota kopo moja.

Aliponyanyua macho akaniona, alisimama ghafla kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa, na kadi akaificha nyuma ya mgongo.

"Wifi," akasema. "Wifi, usinicheke."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na dawa unaiweka wapi?"

"Kwa Mama Pasi. Nakunywa nikifika kazini. Nilijua utasema ni mdomo wangu."

Ningesema. Mbele ya wote, na wale wawili wangecheka, na ningekuja kuliandika humu nikajiona hodari. Miaka mitatu huyu mwanamke amekuwa akitoroka nyumbani kwake mwenyewe kwenda kujitibu, kama mtu anayekwenda kuiba, kwa kuniogopa mimi.

Niliitoa ile kadi nyuma ya mgongo wake, nikamrudishia mkononi, nikamkalisha.

"Foleni inaishia wapi?" nikamuuliza.

"Inaishia kwangu."

Nikakaa baada yake.